Raundi Ishirini na Moja

Shemeji yangu hajawahi kukalia kiti kikapata joto. Nasema hivi nikiwa shahidi, kwa sababu niliishi nyumbani kwake miaka mitano kabla sijapanga chumba changu, na katika miaka hiyo yote sikumwona akimaliza kikombe cha chai ameketi. Ananyanyuka na kikombe, anakwenda mlangoni, anatazama nje kama anayemsubiri mtu, anarudi, anazunguka meza, anapiga funda moja, anatoka tena. Dada yangu, ambaye ndiye mke wake, alishakata tamaa zamani. Alichofanya ni kulisogeza kabati ukutani ili mume wake apate njia.

Dada akiudhika humwita kiguu na njia. Kazini tunamwita Raundi, tukiwa tumeudhika au hatukuudhika.

Kazi yake ni usaisi, yaani kutunza farasi: kuwalisha, kuwasugua, kuwasafishia mabanda, na kuwasikiliza. Zizi letu lina farasi thelathini na wanne, wengine wa mashindano, wengine wa kupandwa na wanafunzi, wengine wazee wanaokula bure. Mimi ni fundi wa matandiko hapo hapo. Nashona ngozi, nabadilisha mikanda, naweka vifungo vipya vya chuma kwenye hatamu. Chumba changu kina dirisha moja pana linalotazama uani, na meza ya mbao iliyokatwa na visu vya mafundi watatu walionitangulia. Kazi hiyo niliipata kwa sababu Raundi alimwendea mwenye zizi, ambaye sote tunamwita Bosi, akamwambia ana shemeji mwenye mikono mizuri. Jambo hilo likumbukwe, kwa maana mbele ya safari nitalihitaji kujitetea, na halitanitosha.

Jina la Raundi alilipata akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mfagiaji tu. Farasi mmoja alishikwa na msokoto wa tumbo. Farasi ana tumbo la ajabu: utumbo mrefu usiokwisha, kona nyingi, na hajui kutapika. Akiumwa hujitupa chini na kugaagaa, na watu wa mazizi tangu zamani dawa yao ya kwanza ni kumtembeza asilale. Siku hiyo kila mtu alichoka, wakamwachia mfagiaji kamba. Akamzungusha yule farasi uani kutoka mchana mpaka jua linatua, raundi sitini, mpaka farasi akainua mkia akanya. Uwanja mzima ukapiga makofi. Ni mtu pekee ninayemjua aliyepandishwa cheo kwa sababu ya mavi.

Tangu hapo, miaka ishirini na sita, farasi yeyote akigeuza shingo kutazama ubavu wake, jina linaloitwa ni Raundi. Anakuja na kamba yake, anaweka mkono wa kulia shingoni kwa mnyama, na wanaanza: kutoka mlango wa banda, kupita dirishani kwangu, nyuma ya ghala la majani makavu, kwenye birika la maji, na kurudi. Raundi moja dakika nne. Njiani anamnong'oneza farasi malalamiko yake juu ya dada yangu, kwamba anatia chumvi kwenye chakula na kwenye maneno. Hesabu anaiweka kwa kokoto. Mfuko wa kulia wa suruali umejaa kokoto, na kila raundi anahamisha moja kwenda wa kushoto.

Mimi nami nina ugonjwa wa kuhesabu, kwa sababu ya mishono. Kila anapopita dirishani nachora kistari cha chaki pembeni ya meza. Huo ulikuwa mchezo wetu. Mwisho wa safari anakuja dirishani, anamwaga kokoto, tunalinganisha, na aliyekosea anapika chai. Farasi waliopona walihesabiwa kuwa wake. Waliokufa walihesabiwa kuwa wa tumbo. Hakuna aliyeona kasoro katika hesabu hiyo, hata mimi ninayejifanya hodari wa kuhesabu.

Kasoro aliiona daktari. Alikuja kwetu miaka mitatu iliyopita, daktari wa mifugo, mwanamke mfupi, mkavu, asiyejua kupaza sauti. Mwanzoni mwa mwaka alituita sote chini ya paa la ghala akasema jambo ambalo kwa masikio ya Raundi lilikuwa matusi. Alisema kutembeza si vibaya, lakini si kwa kila tumbo. Tumbo linaweza kuuma kwa gesi, na linaweza kuuma kwa sababu damu inamwagika ndani yake. Farasi amepigwa teke na mwenzake, au ameanguka kwenye kiunzi, wengu limepasuka. Au ana uvimbe wa siku nyingi umefumuka. Au ni jike aliyetoka kuzaa, na mshipa mkubwa unaolisha mji wa mimba umechanika. Wote hao watatoka jasho, watatazama ubavu, watakwangua chini kwa kwato, sawasawa na mwenye gesi. Lakini mwenye kuvuja damu ukimtembeza, moyo unapiga kwa nguvu zaidi, na kila pigo linasukuma damu nje kupitia tundu.

"Kwa hiyo kabla hujashika kamba," akasema, "inua mdomo. Tazama ufizi. Bonyeza kwa kidole, uone rangi inarudi baada ya muda gani. Shika masikio kama yamepoa. Ufizi ukiwa mweupe, mwache alipo, niite."

"Daktari," Raundi akasema kutoka nyuma, "huyo farasi nimtibu tumbo au nimng'oe jino?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika kuta. Mimi pia nilicheka. Daktari alingoja tumalize, kisha akapitisha karatasi yenye maelezo hayo, kila mtu akatia sahihi. Raundi alitia sahihi shingo upande. Karatasi ikabandikwa ukutani kwangu, juu ya meza, kwa kuwa ndiko watu wote wanakopita kuchukua matandiko.

Sasa nije kwenye Jumamosi ya kisa chenyewe.

Tulikuwa na farasi jike wa miaka kumi na minane, rangi ya kahawia, aliyeitwa Madamu kwa jinsi alivyokuwa akimtazama mtu, kama mwalimu anayejua hujafanya kazi aliyokupa. Raundi alimlea tangu akiwa na mwaka mmoja. Alfajiri ile alizaa mtoto wa kike, uzao wake wa sita, bila tatizo lolote. Mtoto akasimama, akanyonya, kondo la nyuma likatoka zima. Nilipofika kazini Raundi alikuwa tayari dirishani.

"Shemeji, tumejifungua."

"Hongera, mzazi. Na kunyonyesha utaweza?"

"Nitajikaza," akasema, akaondoka kwa hatua zake za haraka akiwa na furaha kama ya mtu aliyefanya kazi yote mwenyewe.

Saa tatu kasoro robo nikamwona anapita na Madamu kwenye kamba. Mtoto alikuwa amebaki bandani, analia. Nikachora kistari cha kwanza. Sikushangaa sana. Majike wengi wakitoka kuzaa huwa na maumivu, tumbo linajirudi, na Raundi huwanyoosha miguu. Nikaendelea na tandiko lililokuwa mbele yangu, lenye mshono uliofumuka chini ya kiti, kazi ngumu inayotaka uiname na kuingiza mkono ndani.

Kwenye kistari cha kumi nilimtazama vizuri. Madamu alikuwa amelowa shingo yote na kifua, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Alinyoosha shingo, akakunja mdomo wa juu mpaka meno yakaonekana. Nikafungua dirisha.

"Raundi, huyu anatoka jasho sana."

"Ni utumbo umelala baada ya kuzaa. Raundi tano nyingine atakunya."

"Umemwangalia ufizi?"

Alikuwa ameshanipita. "Wewe shona," akasema bila kugeuka.

Nikashona. Karatasi ya daktari ilikuwa usawa wa macho yangu, na sahihi yangu ilikuwa ya nne kutoka juu. Ningeweza kupiga simu wakati ule, hakuna aliyenishika mkono. Lakini ni mzee wa kazi, ni shemeji yangu, na ndiye aliyenileta. Nilijiambia anajua afanyalo.

Nilipochora kistari cha kumi na tisa hakuendelea. Alisimama mbele ya dirisha. Sikuwahi kumwona amesimama hapo kabla raundi hazijaisha. Mapaja ya Madamu yalikuwa yanatetemeka, na kichwa chake kimeshuka hadi usawa wa magoti. Raundi alikuwa amemwinua mdomo kwa kidole gumba. Ule ufizi ulikuwa mweupe kama ganda la yai.

"Piga simu," akasema.

Daktari alifika baada ya robo saa. Madamu alikuwa amesharudishwa bandani kwa mtoto wake, hatua kwa hatua. Bosi alikuwa mlangoni, mwenye tumbo kubwa na simu mbili, amezishika zote bila kuzitumia. Mimi niliambiwa nimshike mtoto asiingie chini ya miguu, na kwa hiyo niliona kila kitu.

Kwanza daktari alibonyeza ufizi na kuhesabu. Rangi haikurudi mpaka sekunde ya tano. Akashika masikio. Akasikiliza moyo akitazama saa: mapigo tisini na sita kwa dakika, na farasi aliyetulia hafiki arobaini na tano. Akanyoa sehemu ndogo ya tumbo, akapaka mafuta, akaweka mashine ya picha. Kwenye kioo mlikuwa na weusi mwingi ambao haukutakiwa kuwapo, na ndani yake vitu vinazunguka polepole kama moshi wa jikoni. Akaosha ngozi chini ya tumbo, akaingiza sindano. Ikatoka damu. Akaiweka kwenye kichupa, akanipa nikishike kwa mkono uliokuwa huru.

"Itikise kidogo kidogo. Kama sindano imechoma mshipa, itaganda sasa hivi. Kama ni damu iliyokuwa imemwagika tayari, haitaganda, kwa sababu imeshatumia cha kugandia huko ndani."

Niliitikisa. Haikuganda.

Akatoa damu nyingine shingoni, akaizungusha kwenye kimashine alichokiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasoma. "Chembe nyekundu thelathini na nane kwa mia."

"Hiyo ni nzuri?" Bosi akauliza haraka.

"Ni ya farasi mzima kabisa. Ndiyo maana siiamini. Farasi ana akiba ya damu kwenye wengu. Akianza kuvuja, wengu linajikamua na kumwaga akiba yote kwenye mishipa, kwa hiyo kipimo cha mwanzo kinadanganya. Mpaka kesho ndipo kitasema kweli." Akafuta mikono. "Hakuna kipimo cha kunieleza damu inatoka kwa kasi gani. Ninachohitaji ni saa. Alianza lini?"

Alikuwa anamtazama Raundi. Wote tulimtazama Raundi.

"Nilimkuta anatoka jasho," Raundi akasema. "Nikamtoa. Raundi mbili tu. Nikaona hapana, nikamwambia shemeji apige simu."

Alisema kwa sauti yake ya kila siku. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, nami nikatazama mahali alipotazama. Vidole vyangu viwili vilikuwa vyeupe kwa chaki.

Daktari akatazama simu yake kuona nilimpigia saa ngapi, akapiga hesabu. "Dakika arobaini, basi." Akamgeukia Bosi, na sasa alizungumza taratibu zaidi. "Kama amefika hali hii kwa dakika arobaini, huo mshipa umefunguka wote. Kumtafutia damu, kuipima na kuitoa kwa farasi mwingine ni saa nzima. Hatafika. Ataanguka hapa hapa, kilo mia tano na zaidi, juu ya mtoto au juu ya mmoja wetu, na atakufa akihangaika. Ingekuwa saa mbili ningesema inavuja polepole, huenda damu inajigandia kwenye tundu, na ningejaribu. Kwa dakika arobaini, nashauri tumpumzishe sasa, kwa sindano, akiwa bado amesimama."

Bosi alizitia simu zake mfukoni. Akaitikia kwa kichwa. Daktari akatoka kwenda kwenye gari lake kuchukua dawa.

Nimeshaeleza kwamba mimi ni mtu wa kuhesabu. Vistari kumi na tisa mara dakika nne ni dakika sabini na sita, ongeza robo saa ya kumngoja daktari, ongeza vipimo. Hesabu hiyo niliimaliza kichwani kabla daktari hajafika kwenye gari. Nilijua kwamba neno moja kutoka kwangu lingemrudisha. Nilikuwa nimemshika mtoto wa Madamu kifuani, moyo wake unapiga kwenye mkono wangu, na nilifunga mdomo. Nilimwogopea shemeji yangu. Niliogopa jina lake, kazi yake, uso wa dada yangu jioni. Watu niliowasimulia baadaye wameniambia kwa upole kuwa bila shaka ningesema, nilichelewa tu. Siwezi kuapa hivyo.

Daktari alirudi na bomba la sindano kubwa. Raundi akasogea, akamzibia mlango. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kushoto, akaanza kutoa kokoto na kuzipanga juu ya ukingo wa mlango wa banda. Hakuzimwaga. Alizipanga moja moja, na hakuna aliyemharakisha, kwa sababu hatukuelewa anachofanya. Mimi peke yangu nilielewa. Nilifika kumi na tisa pamoja naye, naye akatoa nyingine, kisha nyingine.

"Ishirini na moja, Daktari," akasema. "Nilianza saa tatu kasoro robo. Sikumwinua mdomo mpaka mwisho."

Zile mbili zilizozidi lazima alipita nikiwa nimeinama, mkono wangu ukiwa ndani ya tandiko. Hakuna mtu duniani aliyekuwa na habari nazo isipokuwa yeye na Madamu.

Daktari alizitazama kokoto. "Karibu saa mbili," akasema. "Na bado amesimama." Akaiweka ile sindano mfukoni, akafunga zipu. "Nani ana dume aliyehasiwa, mkubwa, mzima wa afya?"

Bosi alikuwa amefungua mdomo kumtukana Raundi, na alikuwa na haki. Daktari akamwambia akatukanie mbali na banda, tena kwa sauti ndogo, mgonjwa anataka utulivu. Bosi akaufunga.

Dume alikuwepo: Gunia, anayevuta gari la samadi, mvivu wa kupindukia. Daktari alieleza kwamba jike aliyewahi kuzaa anaweza kuwa na vitu katika damu yake vinavyopigana na damu ya mwingine, ndiyo maana alitaka dume. Alichanganya matone ya damu ya Gunia na ya Madamu, akangoja, akaridhika. Akatoa lita nane kwenye shingo ya Gunia, mfuko kwa mfuko, na Gunia hakuacha kutafuna majani hata mara moja. Nadhani hadi leo hajui kuwa alifanya jambo la maana.

Mengine yalikuwa kazi ya kuzuia vitu. Tulitundika magunia madirishani banda likawa giza. Redio ikazimwa, lango likafungwa, wanafunzi wa Jumamosi wakarudishwa makwao. Mtoto aliachwa abaki na mama yake, kwa sababu jike akilia kumtafuta mtoto moyo unakimbia. Madamu alipewa dawa ya maumivu na dawa ya kusaidia damu kugandia kwenye tundu. Damu ya Gunia iliingia polepole, na maji ya dripu kidogo tu. Bosi alipouliza kwa nini wasimjaze, daktari akasema mishipa ikijaa sana inasukuma, na donge dogo la damu lililoziba tundu litang'oka kama kizibo.

"Sasa nataka mtu wa kusimama naye," akasema. "Anayemjua. Mkono shingoni, asiongee sana, na asimwache apige hata hatua moja. Hata moja."

Hakumtaja mtu. Raundi aliingia, akaweka mkono wa kulia shingoni kwa Madamu, akasimama.

Alisimama siku mbili. Walimpokea wengine akajinyoosha kidogo, lakini Madamu alianza kukwangua chini kila alipotoka, kwa hiyo alirudi. Nilikuwa nikipeleka maji na kuchungulia. Mtu huyu, ambaye hawezi kusimama foleni, alikuwa amenyooka pale gizani na kitu pekee kilichosogea ni ngozi ya buti zake, mahali vidole vya miguu vilipokuwa vikipanda na kushuka ndani. Jumapili mchana dada yangu alikuja na chakula. Alitazama ndani muda mrefu.

"Nani amemfunga?" akaninong'oneza.

Sikuweza kucheka. Nilimwambia kila kitu, isipokuwa sehemu yangu.

Jumapili jioni masikio ya Madamu yalipata joto. Jumatatu asubuhi moyo ulikuwa umeshuka hadi sitini, na kipimo cha chembe nyekundu, ambacho sasa hakikuwa na sababu ya kudanganya, kilikuwa cha chini lakini kimesimama pale pale tangu Jumapili. Daktari alisema damu iliyomwagika tumboni haipotei yote, mwili unaivuta na kuirudisha kazini sehemu kubwa, ikiachwa itulie. Alisema pia Madamu asipandishwe tena, kwa maana mshipa ule hautahimili uzao mwingine.

Raundi alimngoja nje ya banda. "Daktari, kama nisingemtembeza?"

"Sijui," akasema. "Labda asingefikia pale. Labda angefikia tu."

Nilimpenda daktari siku hiyo kwa kutomwongopea, na Raundi nadhani alitaka hivyo pia, maana alishukuru kama mtu aliyejibiwa. Bosi alimpa barua ya onyo. Wenzetu nao walimpa adhabu yao: waliacha kumwita Raundi, wakaanza kumwita Mbili. "Mbili, kuna farasi namba tisa anajikuna." "Mbili, ugali umekula sahani mbili?" Aliitika. Alipoitwa kwenye tumbo alikwenda, akainua mdomo, akabonyeza, akahesabu kwa sauti ili wote wasikie, na ndipo alipochukua kamba au alipoiacha. Baada ya wiki chache watu walichoka na utani usiomuumiza mtu, na jina la zamani likarudi lenyewe.

Kwangu hakuja. Alipita dirishani mara nyingi, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za mgongo wangu. Lakini hakuleta kokoto, nami sikuchora. Chai kila mtu alijipikia. Vile vistari kumi na tisa vilibaki pembeni ya meza, nikawa naviwekea kitambaa juu.

Siku ya arobaini na mbili daktari alipitisha mashine ya picha tumboni kwa Madamu, akaona pakavu, akaruhusu atolewe. Raundi moja, akasema, kwa mwendo wa mtu anayeenda msikitini au kanisani mapema. Nilisikia kwato kabla sijawaona. Walitokea mlangoni, Raundi na mkono wake shingoni, Madamu na jicho lake la ualimu, na mtoto nyuma, mrefu miguu, akigongana na kila kitu. Wakapita dirishani. Wakaenda nyuma ya ghala. Wakapita kwenye birika la maji, wakarudi, na mbele ya dirisha langu Raundi akamsimamisha. Madamu alitaka kuendelea. Aliivuta kamba kidogo, akakatazwa.

Raundi akatoa kokoto moja, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha.

"Shemeji."

"Abee."

"Umehesabu?"

"Moja," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Alinitazama, na safari hii hakutazama mikono. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo, ningejua pa kushika.

"Leo ukiulizwa, utasema?"

Nikamwambia nitasema. Alibaki kidogo kana kwamba analipima neno lenyewe, kisha akaichukua kokoto yake, akamgeuza Madamu taratibu, akamrudisha bandani, mtoto akiwafuata. Mimi nilibaki pale uso unawaka, nikiitafuta mezani sindano iliyokuwa mkononi mwangu.